Ramani ya VVU si ramani ya dhambi

Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya lenacapavir itumike kuwakinga watu dhidi ya VVU. Tangu hapo mjadala wa vijiweni na mitandaoni umekuwa ule ule wa miaka arobaini, umebadilishwa shati tu. Sindano yenyewe ni ya ajabu: inachomwa mara mbili kwa mwaka, basi. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake vijana 2,134 walichomwa na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Zambia na Eswatini zilianza kuipokea Novemba ya mwaka huo huo. Habari kama hiyo ilistahili vigelegele, lakini swali lililotawala kwetu Tanzania likawa la mgao: apewe nani? Jibu la haraka likawa kwamba wapewe wenye "tabia hatarishi". Wapo walioongeza kwamba kumpa mzinzi kinga ni kumtia moyo aendelee.

Naona maneno hayo mawili, tabia hatarishi, tumeyabeba kwa miaka mingi bila kuyafungua. Tabia ina nafasi katika maambukizi, tena kubwa, na nitaionyesha. Lakini tunapoitaja huwa tunamaanisha mwenendo wa mtu mmoja mmoja: ana wapenzi wangapi, anakunywa kiasi gani, ametulia au hajatulia. VVU havisomi hivyo. Anayeambukizwa katika jamii ya watu wa kawaida anategemea zaidi mtandao wa mahusiano aliomo, wingi wa virusi katika damu ya mwenzake, na kinga ambayo jamii yake inayo au haina. Tukigawa sindano kwa kupima uadilifu wa mtu, tutawaruka wengi wanaoihitaji.

Ushahidi wa jambo hili si wa jana. Mwaka 1997 na 1998 watafiti walichagua miji minne ya Afrika ili wajue kwa nini ugonjwa mmoja umeenea kwa kasi tofauti namna ile. Kisumu (Kenya) na Ndola (Zambia), mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi alikuwa na virusi. Yaoundé (Kameruni) na Cotonou (Benin), hawakufika mmoja kati ya kumi. Wengi walitarajia kukuta kwamba watu wa Kisumu na Ndola wana wapenzi wengi zaidi. Haikuwa hivyo. Mji ambao watu wake walitaja wapenzi wengi kuliko wote ni Yaoundé, moja ya ile miwili yenye maambukizi madogo. Kilichoitenga Kisumu na Ndola ni mambo mengine: wanaume wengi hawakutahiriwa, malengelenge ya sehemu za siri yalikuwa yameenea kwa wanawake tangu wakiwa wadogo, na wasichana walianza ngono na kuolewa mapema. Katika miji hiyo miwili, wasichana wadogo walioolewa walikuwa na maambukizi zaidi kuliko wenzao wa umri ule ule ambao hawajaolewa lakini wanafanya ngono. Kisumu ilikuwa theluthi hivi ya walioolewa, dhidi ya chini ya robo ya wasioolewa. Binti aliyefanya kile ambacho wazazi na wachungaji walimtaka afanye ndiye aliyekuwa hatarini zaidi, kwa kuwa mume alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, ameshapita kwingi, na ndani ya ndoa kondomu haina mlango wa kuingilia.

Rudi nyumbani sasa. Utafiti wa viashiria na matokeo ya UKIMWI Tanzania wa 2022-23 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wana VVU. Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kigoma ni 1.7, na Zanzibar haifiki hata asilimia 1. Kila orodha hiyo inapotangazwa, utani huanza. Niliwahi kupanda basi la Songea, tulipofika Makambako abiria mmoja akapaza sauti: "Fungeni vioo, miwaya hiyo!" Miwaya ni jina la mtaani la VVU. Basi zima likacheka, na mama mmoja aliyekuwa akishuka pale hakucheka. Utani ule umejengwa juu ya imani kwamba asilimia 12.7 ni alama ya mtihani wa maadili, na kwamba Njombe wamefeli na Kigoma wamefaulu.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Njombe, mtu mzima mmoja kati ya wanane ana virusi. Kigoma ni mmoja kati ya takriban sitini. Kijana wa Kigoma akitaka kufikia uwezekano wa kukutana na mwenye virusi ambao kijana wa Njombe anaupata kwa mpenzi wake mmoja tu, atahitaji wapenzi wanane hivi. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu watu hawakutani kama karata zinavyochanganywa, na wengi wenye VVU siku hizi wanatumia dawa na hawaambukizi. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba mpenzi mmoja si kipimo chenye uzito ule ule kila mahali. Aliyetulia Njombe na asiyetulia Kigoma wanaweza kuwa katika hatari sawa, na dodoso linalouliza "una wapenzi wangapi?" litamsifu mmoja na kumwandika mwingine hatarishi.

Kwa nini Njombe, basi? Majibu yanajulikana kwa anayetaka kuyatafuta. Barabara ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA vinapita pale, na Makambako ni njia panda ambapo malori hulala. Kuna chai, kuna mbao, kuna vibarua wanaokuja kwa msimu na kuondoka. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, wanaume wa nyanda zile walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge na kurudi. Makabila mengi ya kule hayakuwa na jando, na leo tunajua kutokana na majaribio matatu, ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu na Rakai (Uganda), kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Weka pia pombe. Tafiti za Afrika zinaonyesha kwamba wanywaji wana hatari inayokaribia mara moja na nusu ya wasiokunywa, na kama umewahi kufika kule msimu wa ulanzi huhitaji kuelezwa zaidi. Katika orodha hiyo pombe ndiyo tabia ya mtu binafsi. Mengine ni jiografia, historia na mila, vitu ambavyo kijana wa leo wa Wanging'ombe alivikuta.

Na kuna kosa jingine katika kusoma takwimu za mkoa huo. Utafiti wa 2016-17 uliipa Njombe asilimia 11.4, huu wa mwisho 12.7, na vichwa vya habari vikasema maambukizi yamepanda. Kiwango cha watu wenye virusi si kiwango cha watu wanaoambukizwa leo. Mtu aliyeambukizwa mwaka 2005 na kuanza dawa angali hai, analima viazi na kusomesha watoto, na kila utafiti ukija anahesabiwa tena. Kitaifa, maambukizi mapya kwa watu wazima yalikadiriwa kuwa 81,000 kwa mwaka katika utafiti wa kwanza na 60,000 katika ule wa pili. Mkoa unaweza kuonekana "mbaya" kwa sababu dawa zimefanya kazi na watu wake hawafi.

Dawa ndizo zinazotupeleka kwenye kiini cha suala. Uwezekano wa virusi kupita katika tendo moja la ngono kati ya mwanaume na mwanamke ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Rakai, Uganda, ulikuta ni kama tendo moja kati ya elfu hivi pale mwenye virusi anapokuwa ameshakaa navyo muda, lakini katika miezi ya mwanzo baada ya kuambukizwa hupanda hadi matendo manane kati ya elfu. Tafakari maana yake. Tendo moja la usiku mmoja, ambalo ndilo tunalolihubiria, mara nyingi haliambukizi. Mwenza wa kudumu, anayelala na mwenye virusi mara mia kwa mwaka bila yeyote kati yao kujua, ndiye anayeingia katika hatari ya karibu asilimia 10 kila mwaka. Utafiti mwingine wa Rakai, uliochapishwa mwaka 2000, ulifuatilia wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, ukakuta kilichotabiri maambukizi kuliko kingine ni wingi wa virusi katika damu. Pale virusi vilipokuwa chini ya nakala 1,500 kwa mililita, hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Mwaka 2011 jaribio kubwa la kimataifa likathibitisha kwamba kuanza dawa mapema hupunguza uambukizaji kwa mwenza kwa asilimia 96. Kwa hiyo tabia yenye kinga kubwa kuliko zote kwa mtu mwenye VVU ni kumeza vidonge kila siku, na hiyo hatuitaji kabisa tunapozungumzia tabia.

Nisionekane naibeza hoja ya upande wa pili, maana ina uzito wake. Uganda ilipunguza maambukizi kabla ARV hazijafika. Kaulimbiu ya serikali ya Museveni ilitoka kwa mfugaji: ng'ombe alishwe zizini kwake, asizurure. Kati ya 1989 na 1995 ngono za kupita zilipungua kwa kiasi kinachokadiriwa kufikia asilimia 60. Zimbabwe nayo ilishuka kutoka asilimia 29 hivi mwaka 1997 hadi 16 mwaka 2007, na waliochambua walikubaliana kwamba sababu kubwa ni wanaume kupunguza wapenzi wa pembeni. Hata Bukoba mjini, ambako robo ya watu wazima walikuwa na virusi mwaka 1987, kiwango kilishuka hadi asilimia 13 hivi kufikia 1996. Sehemu ya kushuka huko ni makaburi, lazima tuseme, kwa sababu waliokufa hawahesabiwi. Lakini sehemu nyingine ni watu waliobadilika. Anayesema tabia haina maana hajaisoma miaka ile.

Ila tazama walibadilikaje. Waganda na Wahaya hawakubadilika kwa kuonyeshwa kidole mmoja mmoja. Walibadilika kwa sababu kila ukoo ulikuwa umezika, watu waliongea waziwazi juu ya nani amekufa na kwa nini, na jamii nzima ikapunguza mwendo kwa pamoja. Zimbabwe kulikuwa na jambo la ziada lisilopendeza kulitaja: uchumi ulivunjika, na mwanaume asiye na pesa hana nyumba ndogo. Mtandao mzima ulipungua nyuzi zake. Huo ndio mwenendo unaoathiri janga, wa jamii kwa jumla, na kinga yake humfikia hata ambaye hakubadilisha chochote.

Nje ya mazingira hayo, mahubiri kwa mtu mmoja mmoja yamekuwa na rekodi duni. Mwanza ulifanyika mradi wa MEMA kwa Vijana, elimu ya afya ya uzazi shuleni na zahanati rafiki kwa vijana, katika jamii 20, kwa miaka kadhaa na kwa vipimo vya damu. Uelewa wa vijana ulipanda na majibu yao kuhusu mitazamo yakawa mazuri. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Watafiti wale wale walikuta jambo la kuchekesha na kusikitisha: baadhi ya wasichana na wavulana waliosema hawajawahi kufanya ngono walikuwa na mimba au magonjwa ya zinaa. Kwa hiyo hata hizo takwimu za tabia tunazozitegemea, sehemu yake ni adabu mbele ya mgeni mwenye kalamu na karatasi.

Linganisha na jaribio la magharibi mwa Kenya. Katika shule kadhaa mtaala ulihimiza kujizuia hadi ndoa, na mimba hazikupungua. Katika nyingine, wasichana walielezwa jambo moja tu kwa muda mfupi: kwamba wanaume wakubwa wana viwango vya juu vya VVU kuliko wavulana wa rika lao. Mimba zikapungua kwa asilimia 28, hasa zile za wanaume wakubwa. Hakuna aliyewaambia waache. Walipewa ramani, wakachagua njia. Sisi Tanzania tuliwahi kukaribia hapo kwa kampeni ya Fataki, yaani mwanaume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, ambayo neno lake limebaki mitaani mpaka leo kwa sababu lilimtaja mtu halisi anayejulikana kila mtaa. Baadaye tukarudi kwenye "michepuko si dili", inayochekesha lakini haimfundishi mtu chochote kuhusu hatari ilipo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba sindano itawafungulia watu mlango wa uasherati. Ilisemwa kuhusu kondomu, kuhusu uzazi wa mpango, na ilisemwa kuhusu tohara. Tohara angalau ilipimwa. Kule Orange Farm waliotahiriwa walitaja matendo ya ngono zaidi kidogo kuliko wenzao, na bado kinga ikabaki karibu asilimia 60. Rakai ni jibu kubwa zaidi. Kati ya 1999 na 2016, dawa na tohara vilipoenea, maambukizi mapya yalishuka kwa asilimia 42. Tabia za ngono hazikubadilika sana katika muda huo, isipokuwa moja: vijana walichelewa zaidi kuanza. Kama kinga huzaa uzinzi, Rakai ndipo tungeuona. Na tuulize kinyume chake. Anayetaka hofu ya VVU ibaki kuwa mlinzi wa maadili anakubali kwamba watu waambukizwe ili wengine waogope. Sijui ni mchungaji gani au shehe gani angelisimamia hilo akiulizwa hivyo ana kwa ana.

Wenye siasa za mrengo wa kushoto nao wana usemi wao wa mkato: kwamba umaskini ndio chanzo. Hapo pia takwimu zinakataa kunyooka. Katika utafiti wa Tanzania wa 2003-04, VVU vilikuwa zaidi kwa wenye uwezo kuliko kwa mafukara. Pesa humpa mtu safari, mji na wapenzi. Kwa msichana anayetegemea mwanaume kwa ada na nauli ya bodaboda, ufukara unaua kweli, na kule Zomba, Malawi, fedha kidogo kwa wasichana wa shule zilipunguza maambukizi. Lakini jaribio kama hilo Afrika Kusini halikuonyesha tofauti. Umaskini unafanya kazi kupitia umri wa mwanaume na shule iliyoachwa, na ndipo unapaswa kukamatwa.

Ninaourudia kila mara ni utafiti kutoka Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kuhusu wanaosafiri na wanaobaki. Sote tunajua hadithi: dereva anasafiri, anaukwaa njiani, anauleta nyumbani. Kisesa walikuta kwamba tabia ya waume ilibadilika zaidi wake zao waliposafiri kuliko walipokuwa safarini wao wenyewe. Mwenza aliyebaki na mwenzake ameondoka kwa muda mrefu, awe mume au mke, alikuwa na hatari zaidi kuliko wanaokaa pamoja. Nani basi ana tabia hatarishi hapo? Dodoso litamwandika aliyebaki. Lakini kilichozaa hatari ni kutengana, na kutengana kumezaliwa na ajira, mashamba ya msimu, uhamisho wa kazi usiojali ndoa ya mtu.

Haya yote yana matokeo ya vitendo, hasa wakati huu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipolegeza kidogo ikaruhusu dawa kinga kwa fedha zake zitolewe kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kinga ikiwa chache, mgao huwa mkali, na mgao mkali hupenda vigezo vya haraka. Kigezo cha mahali kingefaa zaidi kuliko cha mwenendo: katika kata za barabara kuu, mashamba ya chai, kambi za mbao na mialo ya uvuvi, mtu aombe apewe, bila kuungama. Pia upimaji. Kati ya watu wazima wenye VVU nchini, wanaojua hali zao ni asilimia 83 hivi, na waliojua karibu wote wako kwenye dawa. Tatizo letu limejificha katika ile asilimia 17, ambao wengi si wale tunaowashuku. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 iliruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kipimo hicho kikifika kwenye maegesho ya malori na vijiwe vya bodaboda kitafanya kazi kuliko mabango kumi ya kuwataka watu watulie.

Nafikiria mwanamke wa Makambako, mumewe dereva wa malori ya Tunduma, akija kuulizia sindano pale itakapofika. Muuguzi anafungua fomu na kuanza na swali la kwanza: miezi sita iliyopita umekuwa na wapenzi wangapi? Atajibu mmoja, na atakuwa anasema kweli. Maswali mengine yatafuata mkondo huo huo: pombe, hapana, kupokea fedha kwa ngono, hapana, ugonjwa wa zinaa, hajui. Hakuna mstari unaouliza mumewe alilala wapi wiki iliyopita, wala alipima lini. Muuguzi atajumlisha, atamwambia yuko salama, na kumwita anayefuata.